Matone Niliyomtia Tate Jichoni

Kama umepewa chupa ndogo ya matone ya macho, na mganga amekwambia ni yako peke yako, amini kwamba ni yako peke yako. Ningeweza kuishia hapo. Lakini ninawajua watu wa benchi la dispensari. Mtu wa benchi hatii neno mpaka asikie nani aliumia. Basi aliumia Tate wangu, mama yake baba, na aliyemwumiza ni mimi, Wilondja, mwanafunzi wa mwaka wa sita, yule aliyemfunga mbuzi wa mwalimu kwenye kamba ya kengele ya kanisa. Sasa mnajua mnaongea na nani.

Jicho langu la kushoto liliniuma wakati pamba inaanza kupasuka mashambani. Si kuuma kwa mchanga au kwa mdudu. Lilikuwa linauma ndani kabisa, kama mtu amekaa nyuma ya jicho anasukuma ili atoke. Likawa jekundu, likawa linatoa machozi, na mwanga wa jua ulikuwa unanichoma kama pilipili. Nilienda shuleni nimefunika jicho kwa kiganja, na asubuhi tulipopanga mistari mbele ya bendera, mwalimu alidhani ninaiga saluti ya polisi. Nilipigwa fimbo mbili kwa ugonjwa wangu. Sikulalamika, maana nilikuwa nimeshaiga saluti hiyo mara nyingi bila kuugua.

Mama ndiye aliyenipeleka dispensari ya Baraka. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi lile, nikueleze. Ni barza ndefu, na benchi moja la mbao linaloanzia mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji. Mtu akiitwa ndani, wote mnasogea kitako kimoja. Mimi nilisogea asubuhi nzima, vitako ishirini na kitu, kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee wa Mboko aliyekuwa anamweleza kila mtu habari za tumbo lake, hata wale ambao hawakuuliza. Nilimwiga mzee yule mpaka mama wa mtoto akacheka na kujificha kwenye kitenge. Ndivyo nilivyokuwa. Maumivu yakizidi, ninatafuta mtu wa kumchekesha.

Bwana Yohana, mganga wa dispensari, hana maneno mengi. Ana tochi. Alinikalisha kwenye kiti, akafunga dirisha, akaniinua kidevu.

"Angalia kule kwa mulango. Usiangalie mwangaza."

"Mwangaza ndio unaniangalia mimi, Bwana Yohana."

"Funga kinywa, fungua jicho."

Alimulika jicho zima kwanza. Akanipa kioo kidogo nijionee. Katikati ya jicho kuna kile kiduara cheusi tunachokiita mboni. Tochi ilipokaribia, mboni ikajikunja upesi kama konokono aliyeguswa. Tochi ilipoondoka, ikafunguka tena. Nikataka arudie. Akarudia. Kisha akamulika jicho bovu, na sikutaka tena kucheza. Mboni ya huko ilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na haikuwa hata duara. Ilikuwa na ncha ncha. Tochi ilikuja, tochi ilikwenda, yenyewe kimya.

"Imeshikamana na kitu cha nyuma yake," alisema, "kama ugali umegandia kwenye chungu. Tukiiacha, itaganda hivi mpaka ufe. Hii dawa itaifungua kwa nguvu. Ukiiweka utaona vitabu kama moshi. Usiogope. Mara tatu kwa siku. Na ni yako peke yako. Usimupe mutu, hata akilia."

"Hata mwalimu?"

"Hata mbuzi yake."

Hadithi ya kengele ilikuwa imefika mpaka dispensari. Benchi zima lilicheka, na mimi nikatoka na chupa yangu ya kahawia kama mtu aliyepewa medali.

Kwa siku kumi niliweka matone kama nilivyoambiwa. Kila baada ya siku mbili nilirudi kwenye tochi. Mboni ikaanza kuachia, upande mmoja kwanza, halafu mwingine, mpaka ikawa kubwa, nyeusi, kama jicho la paka gizani. Maumivu yakapungua. Kusoma sikuweza, lakini mwalimu alikuwa amepewa barua ya dispensari, na kijana asiyeweza kusoma na ana barua ni mfalme. Wenzangu walitaka kuuona ufalme huo. Rafiki yangu Selemani, wa nyumba za Waislamu kule ufukweni, akasema hata yeye anataka barua. Nikamtia tone moja kila jicho wakati wa mapumziko. Alipoitwa kusoma, alishika kitabu mbali kama nyoka, akasema, "Mwalimu, iko siafu tu hapa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Selemani alikaa siku kadhaa haoni herufi, kisha akapona. Na kwa sababu alipona, mimi nikajiona mganga.

Sasa Tate.

Kwetu bibi na mjukuu wana utani wao. Tate alikuwa ananiita mume wake, na mimi namwita mke wangu mzee, na kila mtu anaona ni sawa. Akikosa tumbaku, ananigombeza kwamba nimemtelekeza. Kazi yake ilikuwa kuchambua ndakala. Alikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, dagaa wakavu wamemwagwa mbele yake, na vidole vyake vinaokota wabovu, wenye mchanga, waliooza tumboni, vinatupa. Wanawake wa sokoni walimwamini kuliko macho yao wenyewe. Na kazi yote hiyo aliifanya kwa jicho moja. La kulia lilikufa kwa surua alipokuwa msichana. Limebaki jeupe. La kushoto ndilo lililobeba kila kitu. Nalo lilikuwa limeanza kutoa machozi, na jioni aliona taa ina duara la rangi rangi.

Siku moja mchana alinikuta ninaweka matone nyuma ya nyumba.

"Kumbe mume wangu iko na dawa, na mi ninakaa hapa na macho ya maji. Mume gani anakunywa dawa peke yake?"

"Hii hainywewi, mke wangu."

"Basi weka. Au unamuwekea mwanamuke mwingine?"

Kwetu dawa ikiingia nyumbani ni ya nyumba. Kinini cha homa kikija, kinagawanywa. Mafuta ya kikohozi yakija, kila kifua kinapakwa. Mtu akificha dawa watu wanasema ana roho mbaya. Nalijua neno la Bwana Yohana, sikulisahau hata kidogo. Nililiweka pembeni tu, kwa sababu Tate alikuwa amenyanyua uso, amecheka, na mimi napenda mtu akicheka. Nikakunja shingo kama Bwana Yohana, nikakaza sauti: "Angalia kule kwa mulango! Funga kinywa, fungua jicho!" Alicheka hivyo hivyo tone la kwanza lilipoanguka. La pili. Akasema linapoa vizuri.

Nikamtia siku tatu, kila mchana. Chupa ikabaki karibu tupu. Nilijua Bwana Yohana ataiangalia, kwa hiyo niliijaza maji ya mtungi mpaka ilipokuwa. Nikaendelea kujitia maji yale nikiyaita dawa. Ni aibu zaidi kuandika sentensi hii kuliko ile ya mbuzi.

Siku ya tatu jioni Tate hakula. Asubuhi iliyofuata, siku ya Ijumaa, alikuwa amelala ameshika kichwa, anatapika maji ya kijani. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama, na juu yake kama mvuke umekaa kwenye kioo. Alikuwa analia. Sikuwahi kumsikia Tate akilia. Mama alidhani ni homa. Baba, ambaye ni shemasi wa kanisa na hapendi kelele, aliuliza mara moja tu:

"Nani amegusa jicho la mama yangu?"

Shangazi Ebinda, dada yake baba, aliyekuwa akikaa kwetu tangu mume wake afariki, akajibu kwa moyo safi: "Mimi nilimuosha na maji ya majani, juma lililopita. Lakini aliniambia alisikia nafuu."

"Majani," Baba akasema. "Nyumba ya shemasi, na wewe unaleta majani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, inagusa paja.

Jumamosi tulimpeleka Tate dispensari, Baba amemshika mkono mmoja, Shangazi mwingine. Watu wa benchi walimpisha bila kuombwa. Hakuna aliyesogea kitako kimoja kimoja siku ile. Bwana Yohana alifunga dirisha, akamulika. Akamulika tena. Akagusa jicho kwa ncha ya kidole juu ya kope na akakunja uso.

"Limekuwa gumu kama jiwe," alisema. "Na hii mboni iko wazi kabisa. Naweka mwangaza, haisogei. Mutu akimulikwa, mboni inafunga mulango. Hii mulango nani ameuvunja? Kuna kitu kimewekwa humu."

Akatuangalia wote. Akaniangalia mimi muda zaidi.

"Wilondja. Dawa yako iko wapi?"

Nikatoa chupa. Akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa. Maji ya mtungi yanang'aa vizuri.

"Hukumupa mutu?"

"Hapana, Bwana Yohana."

Mimi, ambaye nina jibu la kuchekesha kwa kila swali, nilipata hilo tu.

"Ni yale majani," Baba akasema. Bwana Yohana hakukataa. Alisema yako majani yanayofungua mboni hivyo, aletewe ayaone. Shangazi alikwenda mbio kuyachuma, akarudi nayo, akayaweka mezani. Bwana Yohana hakuyajua. Akampa Tate vidonge vya maumivu, akasema arudishwe Jumatatu, na kama kuna aliyejua kitu zaidi, asichelewe.

Jioni ile Baba alimwambia Shangazi aende Lweba kwa watu wa marehemu mume wake. Hakupiga kelele. Alimtolea mzigo wake nje mwenyewe, akauweka chini taratibu kama unavyoweka mayai. Shangazi alimlilia Tate kwa dirisha. Tate alisema, "Ebinda hakunifanya kitu." Baba akasema, "Mama, wewe huoni." Ni kweli, wakati ule alikuwa haoni. Na mimi nilikuwa ninaona, na nilinyamaza.

Jumapili niliimba kanisani. Sauti yangu ilitoka vizuri, ndiyo maana sijapenda kuimba tangu siku hiyo.

Kuanzia hapo, jicho langu mwenyewe likaanza kurudi nyuma. Yule mtu wa nyuma ya jicho akaanza kusukuma tena. Jumatatu tuliporudi dispensari, Bwana Yohana alimwangalia Tate kwanza, akatikisa kichwa, kisha akaniita mimi mbele ya watu wote, maana ndani kulikuwa na mama anayejifungua na kazi zote zilihamia kwenye barza.

Alinimulika.

"Unawekaka dawa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Jana uliweka?"

"Mara tatu, Bwana Yohana."

Akaizima tochi. Akakaa kwenye benchi pembeni yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu.

"Sikiliza. Mi siulizi kinywa chako, kinywa chako ninakijua. Jicho lenye dawa hii haliwezi kujikunja. Mboni yako imejikunja, imeanza kuganda tena. Kwa hiyo wewe haukuweka dawa. Tate yako, mutu mwenye hana dawa, mboni yake iko wazi kama mulango wa kanisa. Dawa imetoka kwa jicho moja ikaenda kwa lingine. Hebu nionje hiyo chupa."

Akaifungua, akadondosha kwenye ulimi. Dawa ile ni chungu, nilikwisha kuionja siku ya kwanza kwa ujinga. Bwana Yohana hakukunja uso hata kidogo.

"Maji," alisema.

Benchi lote likanyosha shingo. Yule mzee wa Mboko alikuwepo tena na tumbo lake, naye akaacha kulisimulia. Baba alikuwa amesimama amemshika Tate. Nilitafuta kitu cha kusema, na kwa kweli, Mungu anisamehe, kilichokuja kwanza kilikuwa mzaha. Kilifika mpaka kwenye meno. Nikaona vidole vya Tate vinapapasa hewani kutafuta ukuta.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimuwekea siku tatu. Shangazi hakufanya kitu. Maji niliweka mimi."

Nilitegemea Baba anipige. Alikaa chini. Shemasi, kwenye sakafu ya barza, na suruali yake ya kanisani. Akafunika uso kwa mikono. Ningependelea fimbo.

Bwana Yohana hakupoteza muda kwa kunihukumu. Alisema kwa jicho kama la Tate, mboni ikifunguka sana inaziba njia ya maji ya ndani, jicho linajaa na kuwa gumu; iko dawa nyingine inayofunga mboni badala ya kuifungua, lakini iko hospitali ya Fizi, na kila saa ina thamani, na sisi tumekwisha kutupa siku mbili. Siku mbili zile ni zangu. Zile za kabla yake nagawana na ujinga. Zile mbili, nilizijua nikiwa nimesimama ndani yake.

Kesho yake alfajiri tulipanda lori la pamba, Tate, Baba na mimi, juu ya magunia. Njia ya kwenda Fizi inapanda na kuzunguka, na kila lori liliporuka Tate alishika kichwa. Hakuniita mume. Aliniita kwa jina, "Wilondja, nishike hapa," na nikamshika. Nilijifunika jicho langu kwa kitambaa, vumbi na mwanga vinanichoma, na sikumwambia mtu kwamba linauma. Huo haukuwa ushujaa. Nilikuwa naona nikilalamika nitakuwa mwizi anayelalamika kwamba mzigo ni mzito.

Fizi kuna baridi. Tulikaa huko karibu mwezi mzima. Daktari, mzungu mwenye kukohoa, alimwekea Tate matone kila baada ya muda mfupi, na mimi nikawekewa yangu, halisi, na sista aliyekuwa anaishika chupa mwenyewe na kuirudisha mfukoni. Tulikaa kwenye barza moja, mjukuu anafunguliwa mboni, bibi anafungwa, kila mmoja anasubiri tochi yake. Nilimletea uji, nikamfulia, nikampeleka chooni. Wanawake wa barza walinisifu: mjukuu mzuri huyu, mtoto wa siku hizi! Tate aliendelea kunywa uji wake. Nami sikuwaambia kilichotuleta pale, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ya kufulia.

Ugumu wa jicho uliondoka. Maumivu yakaisha. Siku daktari alipomwondolea Tate kitambaa cha jicho, alimulika, na mimi nikainama kuangalia kutoka pembeni. Mboni ya Tate ilijikunja kidogo sana, nusu ya nusu, kama mtu aliyechoka anayeitika salamu kwa kope. Basi. Haikuendelea.

"Unaona nini, Mama?" Baba akauliza.

"Naona dirisha," alisema. "Naona mutu amesimama. Simujui ni nani, lakini anatetemeka."

"Ni mimi, Tate."

"Eh. Nilijua."

Hivyo ndivyo ilivyobaki mpaka leo. Anaona dirisha, anaona mtu, haoni uso. Ndakala hachambui tena. Jicho langu limepona, ila mboni imebaki na pembe moja, kama jani lililoliwa na panzi. Nikijiangalia kwenye kioo ndiyo inayonitazama. Nasoma vizuri. Natamani wakati mwingine nisome vibaya kidogo.

Tuliporudi Baraka, Baba alinichukua mpaka Lweba kwa miguu. Mbele ya watu wa huko alisema yeye mwenyewe, si mimi, kwamba amemfukuza dada yake bila kosa. Kisha akanisukuma mbele. Nilisema yangu. Shangazi Ebinda alinisikiliza huku anamenya muhogo, na kisu hakikusimama. Mwishowe akasema, "Ulikuwa umesimama pale mlangoni, nilikuona." Akaongeza, "Chukua ile ndoo, ukachote maji." Nikachota mara saba. Alirudi nyumbani mvua za kwanza zilipoanza. Ananipikia, ananijibu nikimsalimu. Kucheka na mimi, bado.

Wewe unayesoma hili ukiwa kwenye benchi, sikuandikii ili uogope dawa. Dawa ni nzuri. Ile iliyoharibu jicho la Tate ndiyo iliyookoa langu, matone yale yale. Andika hilo kichwani. Ukiulizwa, sema upesi, hata kama kinywa chako kinataka kuchekesha watu. Mganga akileta tochi, mboni yako itaongea tu. Afadhali uongee wewe kwanza.

Tate anatakiwa kuwekewa matone kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Juma lile la kwanza tulipotoka Fizi, Bwana Yohana alitutokea kwenye barza ya dispensari kuuliza nani nyumbani ataishika chupa. Baba akasema yeye. Mama akasema hapana, yeye. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba Wilondja asiikaribie.

Tate alikuwa amekaa benchini na uso wake umeelekea kwenye mwanga.

"Ataweka Wilondja," akasema.

"Mama!" Baba akashtuka.

"Huyu amekwisha kujifunza. Munataka mwingine aanze upya kwa jicho langu?"

Mzee wa Mboko alicheka. Wengine wakafuata, na Tate mwenyewe, kidogo. Mimi sikuweza. Bwana Yohana alinipa chupa, nikanawa mikono mara mbili, nikamwinua Tate kidevu. Jicho likafunguka wazi, halinioni, linasubiri. Nikaweka tone moja. Nikasema "moja" kwa sauti, mpaka mwisho wa benchi wasikie, kisha nikamrudishia Bwana Yohana chupa, aishike yeye.